Julius Nyerere, Mwalimu wa Shule

Katika nchi ya Wazanaki, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, alikuwako mtemi jina lake Burito Nyerere. Alikuwa na wake 22, na wa tano aliitwa Mgaya. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1922 Mgaya alizaa mtoto mwanamume huko Butiama. Kwa kuwa siku ile mvua ilinyesha, mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Kambarage alichunga mifugo kama watoto wenzake, wala hakuingia darasani hata alipokuwa na umri wa miaka 12. Ninyi msomao kitabu hiki mlianza mapema kuliko yeye. Mwaka wa 1934 akapelekwa Mwisenge, shule ya bweni iliyoko Musoma, maili 26 hivi kutoka kwao. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, naye alikuwa akijua Kizanaki tu. Ikambidi ajifunze lugha na hesabu pamoja. Akafaulu vema, na mwaka wa 1937 akachaguliwa kwenda shule ya Serikali ya Tabora.

Kwa mtu atokaye Musoma safari hiyo ilikuwa ndefu: kuvuka ziwa kwa meli mpaka Mwanza, kisha kushika reli ipitayo Shinyanga katika nchi ya Wasukuma mpaka kufika Unyamwezi. Reli yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu kufika Mwanza. Shule ya Tabora ilianzishwa kwa ajili ya wana wa watemi, nayo ilikuwa na amri kali. Huko Kambarage alipenda sana mijadala, akawekwa kuwa kiranja.

Mwaka wa 1943 akaenda Makerere, Uganda, kujifunza kazi ya ualimu. Siku zile walimu wa Tanganyika walikuwa wa daraja mbalimbali. Walio wengi walikuwa wamesoma miaka michache tu, wakafundisha kusoma na kuandika vijijini. Juu yao walikuwako wenye cheti, waliofunzwa katika vyuo vya Serikali au vya misheni. Wenye hati ya Makerere walikuwa wachache mno, na kila shule kubwa iliwatamani. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akapewa jina la Julius. Akamaliza masomo na kupata hati yake mwaka wa 1945.

Ndipo ikamfikia shida ya kuchagua. Mjini Tabora shule mbili zilimtaka: ile ya Serikali aliyosomea mwenyewe, na St Mary's, shule ya Mapadre Weupe. Kazi ya Serikali ilikuwa na usalama, kwa maana mtumishi wake alipata malipo ya uzeeni. Akaelezwa kwamba akienda kwa misheni miaka yake ya kazi haitahesabiwa katika malipo hayo. Kijana mwingine angaliogopa, hasa kijana ambaye baba yake amekwisha kufa na mama yake yu hai nyumbani. Yeye maneno hayo yalimtia nguvu ya kwenda St Mary's. Huenda mtu akasema ni ukaidi, na mimi sitakataa kabisa; lakini ukaidi wa namna hiyo tutauona tena mbele.

Alifundisha hapo tangu mwaka wa 1946. Mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, alitambua akili yake, akamsaidia apate kuendelea. Mwaka wa 1949 akaenda Uskoti katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka wa 1952 na shahada yake. Mwaka wa 1953 akamwoa Maria Gabriel, naye pia mwalimu. Kisha akaanza kufundisha huko Pugu, karibu na Dar es Salaam, katika shule ya St Francis.

Lakini tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye ndiye aliyekuwa rais wake. Mwezi wa Machi mwaka wa 1955 akasafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa habari za nchi yake. Aliporudi ilimpasa kuchagua mara ya pili: ama darasa, ama chama. Akaacha kazi, na mshahara ukakoma. Akarudi kwao kwa muda, akapata riziki kwa kumfundisha padre mmoja wa Kimarekani Kizanaki! Wakati huo Serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa, na Shinyanga na Geita zikiwamo, mpaka mwaka wa 1958. Katika mwaka huo watu wa Geita, maelfu kwa maelfu, walikwenda Mwanza kupinga baraza walilowekewa bila ridhaa yao.

Tanganyika ikapata uhuru mwaka wa 1961. Habari za urais wake ni nyingi, na si yote yaliyofaulu; watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda katika vijiji vya ujamaa waliumia. Hapa tutaje jambo moja la shule. Mwaka wa 1974, katika mkutano wa Musoma, chama chake kilikata shauri kwamba watoto wote waende shule upesi. Walimu wangetoka wapi? Vyuo havikutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa vijijini mwao: wakifundisha watoto saa fulani, na saa nyingine wakisoma wenyewe kwa vitabu vya posta na kwa redio, mpaka wafanye mtihani wa cheti. Walipatikana hivyo zaidi ya 35,000. Wengi waliwalaumu kuwa elimu yao ni haba, na lawama hiyo ilikuwa na kweli ndani yake. Hata hivyo, vijiji vingi visingalikuwa na mwalimu yeyote.

Aliacha urais mwaka wa 1985, akarudi Butiama kulima na kuandika. Mwaka wa 1996 alitoa Injili kwa utenzi wa Kiswahili. Akafa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Watu walikuwa wamemwita kwa vyeo vingi, lakini katika msiba ule, wakubwa kwa wadogo, walimlilia kwa jina la Mwalimu.