Janani Luwum, askofu mkuu aliyebaki na kundi lake

Tangu mwaka 2015, Februari 16 ni siku ya mapumziko nchini Uganda. Ofisi hufungwa kwa heshima ya mtoto wa wakulima wa Mucwini, wilayani Kitgum, ambaye utotoni alichunga mifugo kabla ya kupelekwa shule.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922. Alisomea ualimu Boroboro, karibu na Lira, akafundisha shule ya msingi. Mnamo Januari 1948 aliokoka katika uamsho wa walokole, uliokuwa umeanzia Rwanda na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Aliacha chaki akasomea uchungaji. Mwaka 1969 alikuwa askofu wa Uganda Kaskazini, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Nchi nne zilikuwa chini ya mchungaji mmoja.

Wakati huo Idi Amin alikuwa ameshika madaraka kwa miaka mitatu. Wanajeshi wa Acholi na Lango waliuawa kambini, raia walichukuliwa mchana kweupe wakatiwa kwenye buti za magari, wasionekane tena. Luwum mwenyewe alikuwa Mwacholi. Wajane na akina mama walimjia wakitafuta watu wao, naye alikwenda hadi kwenye ofisi za usalama na kwa Amin kuwaulizia. Baadhi ya Wakristo walimlaumu kwamba alikuwa karibu mno na serikali. Lawama hiyo haikuwa ya haki: kama hakwenda kwa waliowashika watu, angemwombea nani mfungwa aachiwe?

Saa saba na nusu usiku wa Februari 5, 1977, mbwa walibweka na uzio wa nyumba yake Namirembe ukavunjwa. Mlangoni alisimama mtu aliyejeruhiwa, akiomba afunguliwe. Luwum alizoea kufunguliwa mlango na watu wenye shida na yeye kuwafungulia wa kwake, akafungua. Askari wenye bunduki wakaingia nyuma ya yule mtu, wakamwekea askofu mtutu mwilini wakidai silaha. Walipekua vyumba vyote, chini ya vitanda na hata stoo ya chakula. Hawakupata kitu.

Maaskofu walikutana wakamwandikia Amin barua. Walimweleza kwamba bunduki iliyonunuliwa kumlinda raia sasa ilikuwa imemgeukia, na kwamba kama Askofu Mkuu anavamiwa usiku, mwananchi wa kawaida hana pa kukimbilia. Barua ya namna hiyo, Kampala ya mwaka 1977, ilikuwa sawa na kutia sahihi hukumu. Mipaka ya Kenya na Rwanda haikuwa mbali, na wengi walikuwa wameshaivuka. Luwum alibaki.

Februari 16 maaskofu waliitwa Nile Mansions, Kampala. Uwanjani palipangwa bunduki mbele ya maelfu ya askari, na maelezo yakasomwa kwamba Luwum alishiriki njama ya kumrudisha Milton Obote. Jina lake lilipotajwa alitikisa kichwa kukana. Askari walipoulizwa wafanye nini na wasaliti, walipaza sauti kwamba wauawe. Baadaye maaskofu waliruhusiwa kuondoka, isipokuwa yeye, aliyeambiwa rais anamhitaji. Wenzake walisimulia kwamba hakuwa na wasiwasi. Aliwaambia kwamba anauona mkono wa Bwana katika jambo lile, akageuka akaenda. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na Askofu Silvanus Wani walimngojea nje hadi askari walipowafukuza.

Asubuhi redio ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Jeneza lilipelekwa Mucwini likiwa limefungwa. Wanakijiji walilifungua wakaona matundu ya risasi. Wakamzika hapo nyumbani.

Siku zilezile Kivengere na mkewe walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda.

Namirembe walikuwa wameshachimba kaburi, kando ya alipolala Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali ilikataza ibada ya kumkumbuka. Hata hivyo Jumapili ya Februari 20 maelfu walipanda kilima, kanisa likajaa. Ibada ilipokwisha walizunguka lile shimo tupu. Erica Sabiti, Askofu Mkuu mstaafu aliyemtangulia Luwum, akasimama ukingoni na kuwakumbusha habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri wakaambiwa yule wanayemtafuta hayupo pale, amefufuka. Watu wakaanza kuimba wimbo wa mashahidi wa Uganda.