Shekhar Mehta: Msee Alihepa Amin Uganda, Akaja Kenya Akabeba Safari Rally Mara 5

Kama uko Kakuma ama Lodwar na unaundanga ndai za waya na mikebe ya mafuta, huyu jamaa lazima umjue. Ndai yake ya 1973 imeundwa modeli za kutoshea kiganjani, na mbogi ya kukusanya vigari inazitafuta hadi leo.

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda 1945, familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Doh haikuwa shida. Akiwa na miaka 21 akaanza rally na BMW. Kufika 1971 alikuwa amemaliza Safari Rally nambari mbili na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na ndai aina hiyo hiyo.

Kisha mambo ikachacha. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 watoke Uganda. Kina Mehta wakaacha kila kitu, wakaingia Kenya.

Sasa skiza. Pasaka ya 1973, hata mwaka haujaisha, Mehta akarudi kwa Safari na 240Z. Huo ndio ulikuwa msimu wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia wa rally. Yeye na navigeta wake Lofty Drews walimaliza wakiwa sare kwa alama na Harry Källström wa Sweden, pia naye kwa Datsun. Sheria ya kuvunja sare ikampa Mehta ushindi.

Alafu akaja kuchukua tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Miaka minne mfululizo! Hapo alikuwa na Mike Doughty, wakiendesha Datsun ndogo za 160J na Violet.

Siri ilikuwa gani? Safari ya enzi hizo ilipigwa kwa barabara za kawaida, na mawe, matope, ng'ombe na matatu zikiwa ndani. Ukichelewa kufika kituo unakatwa alama. Kwa hivyo mwenye mbio hakushinda kama ndai ilivunjika njiani. Chesisi ndio ilikuwa inabeba taji. Kwa 240Z, kila gurudumu lilikuwa na springi yake, likipiga jiwe lile lingine halisumbuki.

Hiyo ndio unafaa kuiba, fundi. Kuna zile ndai ndogo za kufuata mfereji kwa njia ya umeme. Chesisi yake inalala chini kabisa, karibu iguse njia. Iweke kwa mchanga wa Turkana uone, itakwama kabla hujasema twende. Ya rimoti ya kupita mawe inataka vitu vingine: tumbo liinuke, magurudumu yapande na kushuka, na betri ikae chini katikati ili ndai isipinduke kwa kona.

Unataka kuunda 240Z yako? Chukua skeli ya 1:10. Ndai yenyewe ilikuwa na urefu wa kama mita 4.1, kwa hivyo kata sentimita 41. Upana 16, kimo 13. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, 23. Magurudumu kata kwa akala iliyoisha, hiyo raba haichoki haraka.

Mwaka wa 1987 Mehta alipata ajali mbaya sana kwa rally ya Pharaohs huko Misri, na mambo ya kushindana ikaishia hapo. Lakini hakutoka kwa gemu. Alikuja kuongoza tume ya rally ya FIA, wale wenye mchezo duniani. Alifariki London, Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Hakuona Safari ikirudi kwa ubingwa wa dunia 2021, pale Naivasha.

Tusidanganyane, yeye alifika Kenya akiwa na jina na marafiki wa rally tayari. Wewe wa kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, hata kwenda Nairobi unahitaji kibali. Si mwanzo mmoja. Lakini msee aliyefukuzwa kwao ndiye Wakenya walimpigia makofi kama wao, mara tano. Na kupima sentimita 23 kwa waya hakuhitaji kibali cha mtu.