Daktari Livingstone na Maradhi ya Kichwa

Mawingu ya mvua za kwanza yanapojikusanya juu ya ziwa letu, wako miongoni mwetu wanaozipata habari kabla hawajatazama nje. Kichwa huwagonga upande mmoja, macho huuchukia mwanga, na nyumba huwazunguka. Wengine huita kipandauso, wengine kizunguzungu. Walio wazima mara nyingi huwadhania wavivu. Kwa ajili ya wagonjwa hao napenda kusimulia maisha ya David Livingstone. Sitasimulia alivyokutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, maana kila mtoto wa shule anajua. Nitaeleza jinsi alivyoishi na mwili uliomsumbua.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813, akasomea udaktari, akaja Afrika kuwa mmisionari. Mwezi wa Novemba 1853 alitoka Linyanti kwenda Luanda, pwani ya Angola, akiwa amedhoofishwa na homa. Alipoinua kichwa ghafula kutazama nyota, vitu vyote vilionekana kukimbilia kushoto, na asiposhika kitu alianguka chini. Hata usiku, akijigeuza upesi kitandani, hali hiyo ilimrudia. Na nyota ndizo zilizompimia njia! Hata hivyo alifika Luanda Mei 1854.

Akiwa daktari alijichunguza mwenyewe. Homa alizitibu kwa vidonge alivyovitengeneza kwa kwinini na dawa za kuharisha, na masikio yalipoanza kuvuma alijua kwinini imetosha. Lakini Januari 1867 wapagazi waliotoroka walichukua sanduku lake la dawa. Tangu hapo alisafiri bila kinga, na hofu ilimshika.

Mwanzoni mwa mwaka 1869, akija Ujiji kutoka magharibi ya ziwa, alinyeshewa sana. Alijisikia mgonjwa, lakini kwa kuogopa kwamba mto ungefurika, aliingia katika maji baridi ya kiunoni na kuendelea na safari. Kosa hilo nusura limuue. Mapafu yalishikwa, akili ikavurugika, akaona sura za watu katika magome ya miti. Mfanyabiashara Mohamad Bogharib aliamuru atengenezewe machela. Alibebwa majuma mengi, akijikinga uso kwa majani, maana jua lilimchoma. Tarehe 14 Machi alifika Ujiji kwa mtumbwi. Mali nyingi alizotumiwa zilikuwa zimekwisha kuibwa, lakini chai ya moto na nguo ya sufu mwilini vilimsaidia, na kikohozi kikatulia.

Hapa pana jambo gumu. Livingstone alichukia biashara ya watumwa kuliko kitu chochote, na waliomwokoa walikuwa watu wa misafara ya biashara hiyo. Ugonjwa ulimlazimisha kupokea wema kutoka mikono ambayo asingeichagua.

Mwaka uliofuata alikuwa amejifunza. Mvua za Februari 1870 zilipomwangusha tena huko Manyema, hakushindana nazo. Alikaa Mamohela mpaka Juni, akapumzika, akajikinga na mvua, akachemsha maji yote aliyotumia, na kula viazi vya nyumbo ambavyo wenyeji walivisifu kwa kurudisha nguvu. Akapona.

Tena si hali ya hewa tu iliyomletea maumivu. Julai 1871, huko Nyangwe, aliona wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake sokoni. Kichwa kilimuuma vikali, akalala mchana mzima. Huzuni nayo ina njia yake ya kuingia kichwani.

Mwisho wake unajulikana. Mwaka 1872 alikataa kurudi kwao na Stanley. Mvua na vinamasi vya Bangweulu vilimmaliza, akabebwa tena kwa machela, na tarehe 1 Mei 1873 alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hadi pwani.

Wako wanaomsifu kwamba hakujali ugonjwa. Mimi naona alifika mbali kila alipoujali, na alianguka kila alipoupuuza. Basi wewe ambaye kichwa chako hutangulia mvua, zijue dalili zako. Usipande ngazi wala mtumbwi siku hiyo. Keti penye giza, kunywa maji, na uwaambie wa nyumbani, maana mficha maradhi kilio humfichua. Kizunguzungu kikija pamoja na homa, nenda ukapimwe malaria, usiseme ni mawingu tu. Nanyi wenye afya, msimcheke jirani aliyefunga dirisha mchana. Hata Daktari Livingstone alifika Ujiji kwa kubebwa na wengine.