VETTOR PISANI: NAHODHA ALIYETOLEWA JELA

Muhula uliopita timu ya bweni letu ilifungwa mabao manne, nami niliyekuwa nahodha nikavuliwa kitambaa siku hiyo hiyo. Nilinuna wiki nzima. Kisha katika maktaba nikakutana na kisa cha nahodha mwingine, nikaona msiba wangu ni mchezo wa watoto.

Vettor Pisani alizaliwa Venice, Italia, mwaka wa 1324. Enzi hizo Venice na Genoa ilikuwa miji yenye serikali zake, ikigombania biashara ya mashariki. Walipigana baharini kwa merikebu ndefu za makasia. Ukimkaribia adui unamnyeshea mishale, kisha unarukia chombo chake na upanga mkononi. Si mchezo!

Mwaka wa 1378 Pisani aliwashinda Wagenoa karibu na Anzio. Mei 1379 wakakutana tena huko Pola, ambayo leo ni Pula nchini Kroatia. Mabaharia wake walikuwa wamepunguzwa na maradhi, naye hakutaka kupigana, lakini wakubwa wenzake walimshinikiza. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Merikebu nyingi zilitekwa, na aliporudi nyumbani akatupwa jela eti yeye ndiye mwenye makosa.

Agosti mwaka huo Wagenoa wakauteka mji wa Chioggia, mlangoni kabisa mwa Venice. Watu wakaitwa wapande merikebu, wakakataa katakata. Kumbe walimtaka Pisani wao! Serikali ikanywea, ikamfungua.

Ningekuwa mimi, ningesusa. Yeye hakususa. Alikubali hata kuwa chini ya mtawala wa mji, Andrea Contarini, mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyeshika uongozi mwenyewe. Desemba wakazamisha vyombo vilivyojaa mawe kwenye njia za maji, na Wagenoa wakafungiwa ndani ya Chioggia. Tarehe 1 Januari 1380 Carlo Zeno akawasili na merikebu nyingine za Venice. Njaa ikawabana Wagenoa hadi wakasalimu amri mwezi wa Juni. Agosti hiyo hiyo Pisani akafariki Manfredonia, akiwa bado kazini.

Basi wenzangu, siku hizi nacheza beki wa pembeni, bila kitambaa. Mkiniona nakimbia kuliko zamani, msishangae. Mwalimu wangu ni Pisani.