Octavia Hill: Mwanamke Aliyegonga Milango Kudai Kodi

WENGI wetu tuliofika Uingereza kwa ukimbizi tulianzia kwenye kochi la sebuleni kwa ndugu, tukaenda nyumba ya muda, na hatimaye, aliyejaaliwa, akapokea barua ya kupewa nyumba na jumuiya ya nyumba, zile ambazo wenyewe tunaziita "hausing" tu. Mwenye nyumba wa aina hii si serikali, wala si tajiri mwenye dalali na kilemba. Kodi anayokusanya kwa kawaida haigawiwi kuwa faida ya mtu. Inarudi kwenye matengenezo, kulipa mikopo na kujenga nyumba nyengine. Katika khabari za mtindo huu wa kupangisha, jina moja haliwezi kukwepwa, nalo ni la Octavia Hill.

Alizaliwa tarehe 3 Disemba 1838 mjini Wisbech, mashariki mwa Uingereza, akiwa binti wa nane wa baba yake, na jina lake kwa Kilatini lina maana hiyo hiyo ya nane. Baba, James Hill, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye fikra za mabadiliko, na aliwahi kumiliki gazeti. Mwaka 1840 alifilisika (sisi wa kazi hii hatushangai sana), kisha akili yake ikavurugika. Familia ikawa inahama huku na kule, na mzigo wa watoto akaubeba mama, Caroline, akisaidiwa na baba yake, Dk. Southwood Smith, daktari aliyepigania afya ya maskini wa mijini. Kwa hiyo Octavia alijua tangu utotoni maana ya kupoteza nyumba.

Familia ilipohamia katikati ya London, naye akiwa na miaka 14, alikabidhiwa karakana ya wasichana maskini waliokuwa wakitengeneza samani za wanasesere. Aliwafuata hadi makwao. Akaona familia nzima ndani ya chumba kimoja, maji ya taabu, choo cha watu wengi, na mwenye nyumba asiyeonekana ila siku ya kodi.

Wakati huo huo alikuwa akinakili michoro kwa ajili ya John Ruskin, mwandishi maarufu wa mambo ya sanaa. Ruskin aliporithi mali ya baba yake, Octavia alimshawishi, na mwaka 1865 akanunua nyumba tatu chakavu Paradise Place, Marylebone, kwa pauni 750. Sharti lilikuwa kwamba fedha zimrejeshee asilimia 5 kwa mwaka. Haikuwa sadaka, na Octavia mwenyewe hakutaka iwe sadaka.

Aliyoyafanya hapo ni mambo ya kawaida kabisa, na ndiyo maana yanastahili kuelezwa. Mitaro ilizibuliwa, madirisha yakatiwa vioo, kuta zikapigwa chokaa. Familia iliyobanana chumba kimoja ilishawishiwa kuchukua viwili kwa nyongeza ndogo ya kodi. Kila wiki yeye na wanawake aliowafundisha walikwenda mlango kwa mlango na daftari, wakapokea kodi mkononi na kuuliza paa linavuja wapi, nani anaumwa, nani amekosa kazi. Zilipobaki fedha za matengenezo, wapangaji wenyewe waliulizwa wanataka kitengenezwe nini. Kufikia mwaka 1874 alikuwa akisimamia miradi 15 yenye wapangaji wapatao 3,000.

Lakini tusimpambe. Asiyelipa alitolewa, na bibi huyu hakuwa na subira na deni. Aliingia vyumbani mwa watu akiangalia usafi na mwenendo, jambo ambalo mpangaji wa leo angeliita kuingiliwa. Alipinga halmashauri za miji kujenga nyumba za kupangisha kwa ruzuku, akapinga serikali kuwalipa wazee pensheni, na mwaka 1910 alipinga hadharani wanawake kupewa kura, yeye aliyewafungulia wanawake kazi nzima mpya! Tukisema kweli, wengi wetu tungelala nje kama nchi ingemsikiliza katika hilo la halmashauri, kwani nyumba za maelfu kwa maelfu zilizohitajika zisingejengwa kwa asilimia 5 za marafiki matajiri.

Wala hakuwa peke yake, kwani mfuko wa Peabody ulikuwa umeshaanza mwaka 1862, ukijenga majengo makubwa ya ghorofa. Octavia aliyachukia majengo hayo; yeye alipenda nyumba ndogo zilizokwishakuwepo, zitengenezwe bila kuwatawanya wakaazi. Mchango wake hasa ni kuonesha kwamba kupangisha ni kazi ya kusomewa, na kwamba mwenye nyumba naye anadaiwa.

Mwaka 1877 aligombana vibaya na Ruskin, akaugua kwa uchovu na kupumzika kazi kwa muda. Alirudi. Mwaka 1884 makamishna wa mali za Kanisa la Uingereza walianza kumkabidhi nyumba zao kusini mwa London, na huko Southwark, mwaka 1887, akaanzisha bustani ya Red Cross, kwa imani kwamba maskini naye anahitaji mahali pa kukaa nje ya chumba chake. Imani hiyo hiyo ilimfikisha, mwaka 1895, kuwa mmoja wa waasisi watatu wa National Trust.

Wageni walikuja kujifunza kwake. Johanna ter Meulen aliupeleka utaratibu huo Amsterdam, na Philadelphia, Marekani, kukaanzishwa jumuiya yenye jina lake mwaka 1896.

Alifariki nyumbani kwake Marylebone tarehe 13 Agosti 1912. Alikwishasema anataka kuzikwa Crockham Hill, Kent, na huko ndiko alikozikwa, familia ikikataa heshima ya Westminster Abbey. Miaka minne baadaye wanawake wasimamizi wa nyumba waliofuata njia yake waliunda chama chao. Bustani ya Southwark ingalipo, si mbali na London Bridge, na pembeni yake zimesimama zile nyumba ndogo alizozijengesha, mapazia madirishani.