Duara lenye nukta kaburini

Maskauti wa parokia mnaijua ile alama ya njiani: duara lenye nukta katikati, yaani nimekwenda nyumbani. Ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri, Kenya.

Alizaliwa London mwaka 1857, akawa mwanajeshi. Mwaka 1896, vitani Matabeleland, Zimbabwe ya leo, aliamuru Chifu Uwini, mateka aliyejeruhiwa, apigwe risasi. Jeshi likamchunguza, likasema hana kosa. Hili kambini huwa hatusimuliwi. Mwaka 1907 ndipo alipowapeleka wavulana kama 20 kisiwani Brownsea, wa matajiri na wa maskini pamoja, na Skauti ikaanzia hapo. Uzeeni akahamia Nyeri, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Mkewe Olave alifariki mwaka 1977, majivu yake yakazikwa humohumo.

Mimi sioni ubaya kijana Mkatoliki kuvaa ile skafu, hata kidogo. Ila jiwe linasema ameshafika nyumbani, na sisi tunawaombea marehemu kwa sababu hatujui nani keshafika. Basi Novemba hii, kwenye rozari, namtaja Uwini kwanza, halafu Robert.