Maisha ya Wilhelm Ostwald, Mwanachuoni wa Kemia

Katika mji wa Riga, uliokuwa zama hizo chini ya milki ya Urusi, alizaliwa tarehe 2 Septemba 1853 mtoto wa fundi wa mapipa, Wilhelm Ostwald. Wazee wake walikuwa na asili ya Kijerumani. Alisoma Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu. Mwaka 1881 akawa profesa Riga, na mwaka 1887 akahamia chuo kikuu cha Leipzig.

Jambo lililomshughulisha kwanza lilikuwa hili: kitu kinapoyeyuka majini hupatwa na nini? Chumvi ikitiwa majini haionekani tena, lakini maji yale hupitisha umeme, hali maji matupu hayaupitishi ila kidogo mno. Mwaka 1884 ilimfikia risala juu ya jambo hili kutoka kwa kijana wa Kiswidi, Svante Arrhenius, ambaye walimu wake wa Uppsala walikuwa wamempa daraja ya chini. Yasimuliwa kuwa siku hiyo hiyo Ostwald aliumwa na jino na mkewe akajifungua binti, na katika hayo matatu lililomtaabisha zaidi ni ile risala! Aliilinganisha na vipimo vyake mwenyewe vya nguvu za asidi, akaona vyakubaliana. Basi akafunga safari mpaka Uppsala, profesa kumwendea mwanafunzi. Baadaye Arrhenius alikamilisha fikra yake, kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande vyenye umeme. Na mwaka 1888 Ostwald akaonyesha kwa hesabu kuwa asidi dhaifu, kadiri inavyozidishiwa maji, ndivyo inavyozidi kugawanyika.

Jambo la pili lilikuwa vichocheo. Tangu mwaka 1835 Berzelius alikuwa amekwisha kuvipa jina vitu hivi, ambavyo vikiwapo vitu vingine hubadilika, navyo vyenyewe vikabaki kama vilivyokuwa. Wengi walidhani vina nguvu ya siri. Ostwald alisema kuwa kichocheo hubadili mwendo tu. Mfano wake ni jahazi lililopakwa deheni: hukimbia zaidi, lakini deheni haileti upepo, wala haiwezi kulipeleka jahazi kule ambako upepo haupeleki. Kwa kazi hii alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Hata hivyo yalimpata makosa. Mwaka 1900 alipitisha nitrojeni na haidrojeni juu ya chuma cha moto, akapata amonia. Akadhani amefumbua njia ya kutengeneza mbolea kutokana na hewa, akataka kuiuzia habari hiyo kampuni ya BASF. Kampuni ikampa kazi ya kuihakikisha kijana wa miaka ishirini na kitu, Carl Bosch. Bosch hakupata kitu. Alipochunguza aliona kuwa nitrojeni ile ilikuwa imo ndani ya chuma tangu awali. Ostwald alikasirika, akanung'unika kuwa kazi kubwa amepewa mwanagenzi. Kisha ushahidi ukamshinda, akaondoa dai lake.

Hakukaa bure. Mwaka 1902 aliandikisha njia ya kupitisha amonia na hewa upesi juu ya platinamu yenye moto mkali, ipatikane asidi ya nitriki, iliyokuwa ikitokana na shura iletwayo kwa meli kutoka Chile. Asidi hiyo hutengenezewa mbolea. Hutengenezewa baruti pia. Vita vya 1914 vilipofunga njia ya shura, Wajerumani walipigana miaka minne kwa amonia ya Haber na Bosch na asidi ya njia ya Ostwald. Naye mwenyewe, katika Oktoba 1914, alitia sahihi yake katika tangazo la wanavyuoni 93 la kuitetea serikali yao. Hatuoni udhuru wa kulisitiri jambo hilo.

Kosa lake jingine lilidumu zaidi. Kwa miaka mingi alikataa kuwa atomu zipo, na hali alikuwa mkuu wa kemia. Majaribio mapya yalipodhihirisha, alikiri katika utangulizi wa kitabu chake cha kufundishia, kilichotoka mwaka 1909, mbele ya wanafunzi na wapinzani wake wote.

Alifariki Leipzig tarehe 4 Aprili 1932. Miezi michache kabla yake, Carl Bosch, yule mwanagenzi, alikuwa amepewa tuzo ya Nobel. Na kichocheo katika mitambo yake ya amonia kilikuwa ni chuma.